Nilishaugua Mimi

Tetekuwanga ilipoingia nyumbani kwetu Bagamoyo nilikuwa na miaka saba, na mpaka leo naikumbuka kama sikukuu. Watoto watano tulilazwa kwenye mkeka mmoja, tukaogeshwa maji ya mwarobaini kutoka beseni moja, tukajifunika kanga moja. Bibi alipiga marufuku: asiyewahi kuugua asikanyage chumbani. Shangazi yangu, wakati huo msichana hajaolewa, akasema, "Nilishaugua mimi, mama," akaingia. Alikaa nasi mpaka kipele cha mwisho kilipokauka. Muwasho ukizidi alitupepea kwa kipepeo cha ukili, akatupapasa migongo kwa kitambaa laini, na aliyethubutu kujikuna usoni alikula kofi la mkono. Ningepewa kurudia siku moja tu ya utoto wangu, ningechagua mojawapo ya zile.

Sasa naishi Mapinga, na shangazi ni mjane aliyebaki katika nyumba ileile. Juzijuzi mwanawe, dereva wa lori, alirudi kutoka safari ya mbali akiwa na homa. Baada ya siku mbili akatoka vipele. Shangazi akanipigia simu, maana mimi ndiye mjuaji wa ukoo.

"Tetekuwanga hiyo," nikamwambia, hata sijamwona mgonjwa. "Muogeshe wewe, shangazi, ulishaugua. Wengine wakae mbali."

Ijumaa nikaenda kuwatazama. Nikaona vipele hadi viganjani, na tezi chini ya taya zimevimba kama kunazi. Sisi hatukuwa na tezi zile. Niliona, nikanyamaza, kwa sababu nilikwishasema. Kiburi changu kinanikera hadi leo.

Hazikupita wiki mbili, shangazi naye akashikwa na homa, kisha vipele. Hapo ndipo tulipowapeleka wote wawili hospitali. Wakachukuliwa vipimo, na majibu yalipotoka muuguzi, binti mpole, akatuambia ni mpox.

"Ile homa ya nyani?" shangazi akauliza. "Mwanangu anaendesha lori, huyo nyani kamwonea wapi?"

"Bibi, siku hizi mtu anamwambukiza mtu," muuguzi akajibu. "Ngozi kwa ngozi, au kwa shuka na taulo za mgonjwa. Nani alikuwa anamuogesha?"

"Mimi. Tulidhani tetekuwanga."

"Hata kama uliugua tetekuwanga, haikukingi na huu. Ni virusi vingine kabisa."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Shangazi ana sukari na umri umekwenda, na daktari hakutuficha kwamba mwili wake ungepata shida kupambana. Nililia chooni mpaka nikaishiwa machozi.

Walitengewa chumba chao. Mwanawe alipata nafuu mapema, ila shangazi alizidiwa, akawa hali wala hasemi. Kila siku nilisimama nje ya dirisha na chupa ya uji. Siku alipopata nguvu ya kuinua kichwa, neno lake la kwanza lilikuwa, "Mgongo unaniwasha, mwanangu." Mikono ninayo, mgongo nauona, na kati yetu kuna kioo. Nikamwambia muuguzi, naye akavaa glovu zake akaenda kumpaka dawa.

Magamba yalichukua muda kudondoka. Yalipokwisha yote na ngozi mpya kufunika, wakaturuhusu kumrudisha nyumbani. Kesho yake nilimkuta ukumbini, amekaa kwenye mkeka, amekonda. Nikapiga magoti.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu."

"Nisamehe. Mimi ndiye niliyekwambia umuogeshe, eti kwa kuwa ulishaugua."

Akanitazama, kisha akacheka mpaka akakohoa.

"Nani kakwambia niliugua?"

"Wewe mwenyewe. Siku ile ulimwambia bibi."

"Bibi yako angeniruhusu kuingia? Mlikuwa mnalia mle ndani, watoto watano, na yeye kasimama mlangoni. Tetekuwanga sijaugua maisha yangu. Mungu tu alinistiri."

Alijigeuza polepole pale mkekani, akateremsha kanga mabegani, akanipa mgongo.

"Haya, nikune. Hapo katikati."