Kiwanja cha Ludovika

Ludovika Sulle hakuwahi kudunda mpira maishani mwake, na bado katika Mbulu nzima hapakuwa na mtu aliyeweza kukasirika kwa ajili ya mpira kama yeye. Hasira yake naijua vizuri. Nilichezea timu yetu ya kikapu miaka ile ya baada ya Azimio la Arusha, na kila nilipokosa kutumbukiza mpira nilimsikia yeye kabla sijamsikia mwalimu wetu. "Hilary! Mikono hiyo umepewa ya kushikia kijiko tu?"

Alikuwa mjane, mkulima kama sisi sote, mwenye ng'ombe wachache na shamba la mteremko. Huku kwetu kila kitu ni mteremko. Ukidondosha kiazi mlangoni kwako utakwenda kukiokota kwa jirani. Sehemu ya tambarare upande wetu ilikuwa moja tu, nayo ilikuwa kiwanja cha Ludovika cha kupuria nafaka. Padri mmoja wa misheni alipotuletea mpira na pete mbili za chuma, tulizunguka mlima mzima tukitafuta pa kuchezea, mpaka Ludovika akachoka kutuona tunapita.

"Chezeeni hapa," alisema. "Lakini atakayekanyaga na viatu nitamvunja mguu."

Hakuwa anatania. Kiwanja cha kupuria kwetu hakikanyagwi na viatu, awe padri, awe bwana shamba. Wanawake huleta udongo wa kichuguu, wakautwanga kwa magogo mafupi huku wakiimba, wakautwanga tena, mpaka ukakaza, kisha wakapaka mavi ya ng'ombe na kuuacha ukauke. Pale ndipo chakula kinapodondoka kwanza kikitoka kwenye masuke. Mtu anayeingia na viatu analeta uchafu wa njia nzima juu ya chakula cha watu. Kwa hiyo tulicheza pekupeku, na timu zilizokuja kwetu zilicheza pekupeku, zikinung'unika. Refa mmoja aligoma kuvua vyake. Ludovika alimvua mwenyewe, na yule bwana alijikuta amekaa chini hajui kilichompata.

Wanawake wale waliendelea kukitwanga kiwanja kila mwaka, sasa kwa ajili yetu, na Ludovika ndiye aliyewaongoza. Maharage yake alikuwa anayapiga uani juu ya ngozi za ng'ombe, mahali pa kubanana, bila kulalamika. Kwa mambo mengine yote alilalamika.

Halafu akatokea Thadei. Alikuwa mtoto wa Odilia, jirani yetu, kijana mrefu, mpole, wa maneno machache. Sijui niseme nini kuhusu uchezaji wake. Sisi wengine tulikuwa tunaurusha mpira tukiomba Mungu. Yeye aliruka, akakaa hewani kama mtu aliyesahau kushuka, akauweka mle ndani taratibu. Siku aliyocheza, mama wa kilabu cha pombe alifunga mlango maana hakuwa na mteja, akaja naye kutazama. Tulizifunga timu za shule, za askari, za watu wa Karatu. Wazee ambao hawakuwa wanajua hata sheria moja walisimama ukingoni wakapiga kelele mpaka sauti zikawakauka.

Wa kufungwa waliobaki walikuwa Hanang, na hao ndio tuliowataka. Hanang ilikuwa sehemu yetu. Serikali iliikata ikawa wilaya peke yake, ikaondoka na nchi tambarare yote, sisi tukaachiwa milima. Watu hawakulisahau hilo. Kisha yakafunguliwa huko mashamba makubwa ya ngano ya serikali, yakaja matrekta, wakaja wataalamu wa nje, na shamba moja likajenga kiwanja cha kikapu cha saruji tupu. Saruji! Wakaunda na timu. Tulipangiwa kucheza nao kombe la mkoa mvua zikishaanza, na kila mtu huku alikuwa na uhakika kwamba Thadei atawanyamazisha.

Ndipo ilipopanda Land Rover. Alishuka bwana mmoja aliyevaa suti ya Kaunda, jina lake Julius, katibu wa michezo wa shamba lile, mtu wa kuletwa kikazi kutoka mkoa mwingine. Hakuwa mtu mbaya. Aliwaamkia wazee vizuri, alisimama nje ya kiwanja, akatazama mchezo mpaka mwisho. Mchezo ulipokwisha alimwita Thadei, akatoa garini raba nyeupe mpya, akampa mbele ya watu wote.

"Jaribu, kijana. Tuone kama zinakutosha."

Thadei alizipokea kwa mikono miwili. Akachutama pale pale alipokuwa amesimama, ndani ya kiwanja, akazivaa. Akasimama. Akapiga hatua chache, akaruka mara moja.

Naapa nilisikia ng'ombe wakitafuna nyuma ya zizi.

"Vua!" Sauti ya Ludovika ilitoka kama imepasuka. "Vua, Thadei! Unakanyaga chakula!"

Alizivua haraka, uso umemshuka, lakini alizibana kwapani na hakuzirudisha. Bwana Julius alimvuta pembeni wakaongea. Tuliokuwa karibu tulisikia maneno ya kazi ya trekta na nyumba ya bati. Alichojibu Thadei hatukukisikia. Kesho yake asubuhi hakuwepo. Ludovika alikwenda kwa Odilia kuuliza.

"Ametoka," Odilia alisema, akaendelea kupepeta.

"Amekwenda wapi?"

"Ametoka, mama. Akirudi atasema mwenyewe."

Basi kijiji kikawaka. Hasira ile sijaiona tena, hata kwenye kesi za mashamba. Kilabuni mzee Patriki, mjumbe wetu wa nyumba kumi, alipanda juu ya kiti. "Ndugu zangu, njia kuu zote za uchumi ziko mikononi mwa umma! Thadei ni njia kuu ya uchumi ya kijiji hiki! Nani amempa ruhusa ajibinafsishe?" Watu walicheka, lakini kicheko kilikuwa kichungu. Mmoja akasema amekula viazi vyetu miaka yote, sasa anakwenda kuwarukia Hanang. Mwingine akasema mwenye kuvaa viatu juu ya chakula ameshawaaga wenzake, hahitaji kusema neno. Hilo ndilo lililotuingia. Tulilirudia mnadani, tukalirudia nje ya kanisa. Na mimi nililirudia. Nani atanipasia mpira sasa, nilijiuliza, nani?

Kisimani wanawake waliacha kumsalimu Odilia. Wasichana wadogo walimpita bila shikamoo, na mama zao wakawaangalia tu. Asubuhi moja alikuta mlango wake umepakwa matope. Aliyaosha bila kumuuliza mtu.

Ludovika hakuongea. Kwa yeye kunyamaza tungepaswa kuogopa. Zile siku alikaa ukingoni mwa kiwanja akitazama pale raba zilipoacha alama, alama ndogo mbili tatu za kisigino ambazo mtu mwingine asingeziona. Halafu mawingu ya kwanza ya mvua yakaanza kujikusanya, na asubuhi moja akaja na maksai wake wawili wakiwa kwenye nira, wakikokota plau.

Kwetu mwanamke kushika plau ilikuwa jambo la kushangaza. Watu walitoka majumbani wakaja.

"Mama Ludovika, unafanya nini?" niliuliza.

"Nalima shamba langu."

"Hiki ni kiwanja."

"Kiwanja cha nani? Cha wale wa Hanang? Nimepuria maharage kwenye ngozi kama mtu asiye na kwao, kwa ajili ya nani? Nimewatwangia udongo nyie, migongo yetu imekufa, ili mtu aje avae raba aondoke hata bila kuaga? Nipishe, Hilary."

Nikampisha. Plau lilikwama mara ya kwanza, ardhi ilikuwa ngumu mno. Ludovika akapiga kelele, maksai wakavuta, na ule udongo wa miaka yote ukapasuka kwa mabonge makubwa, mabapa, kama vigae. Mzee Patriki, mjumbe wa serikali na chama, ndiye aliyekwenda kuwaongoza maksai kwa mbele. Watu wakapiga makofi. Wengine wakamshangilia Ludovika kama amefunga goli. Alikilima kiwanja mpaka mlingoti ule wa upande wa pili, akageuza, akarudi, akakimaliza chote, na ile milingoti ya pete ikabaki imesimama katikati ya matuta.

Bado tulikuwa pale tunajipongeza Thadei alipotokea njia ya Dongobesh, ile inayotoka Hanang.

Alikuwa pekupeku, miguu myeupe kwa vumbi mpaka magotini, fimbo begani. Mikononi hakuwa na kitu. Alikuja akasimama ukingoni, akatazama. Hakuna aliyemsalimu.

"Umesahau nini huku?" Ludovika alimuuliza. "Umekuja kuchukua na pete?"

"Nilikwenda kurudisha viatu," alisema Thadei.

Nataka uelewe jinsi tulivyokuwa wapumbavu. Kwetu zawadi usiyoitaka huitumi kwa mkono wa mtu mwingine. Unakwenda nayo mwenyewe, hata kama ni mbali, unamrudishia aliyekupa kwa mikono miwili, uso kwa uso. Na hutangazi kabla, maana kumtangaza mtu kwamba amekataliwa kabla yeye mwenyewe hajaambiwa ni kumtukana. Wa nyumbani kwako wanajua, nao wananyamaza. Hata mtoto anayechunga mbuzi anajua hivyo. Ludovika alijua hivyo kuliko sisi wote. Odilia alipomwambia "ametoka", alikuwa amemjibu vizuri kabisa, na sisi tukampaka matope mlangoni.

"Kwa nini ulivivaa?" Ludovika alisema, lakini sauti ilikuwa imepungua.

"Mgeni ameniambia nijaribu, mama. Mtu mzima, mbele ya watu. Ningemwambiaje hapana pale pale? Nilishtuka, sikukumbuka nimesimama wapi. Nimemwambia siwezi kuhama, nina kwetu. Akasema, nenda kwanza ukawaulize wenzako kama wanakutaka kweli, nafasi nitakuwekea. Nikamwambia hakuna haja ya kuuliza."

Akautazama udongo uliopinduliwa, bonge kwa bonge, mpaka kwa mzee Patriki aliyekuwa bado ameshika kamba ya maksai. Patriki aliiachia. Thadei akageuka akaenda kwao.

Sijui mama yake alimwambia nini. Matope ya mlangoni yalikuwa yameoshwa lakini mbao zilikuwa bado na madoa, na Thadei hakuwa kipofu. Nilikwenda jioni kumwona. Alinifungulia, akanisikiliza nikisema tutakitwanga upya, wanawake watakuja, tutachota udongo hata kesho.

"Mvua imefika, Hilary. Udongo hautwangwi mvuani."

"Basi kiangazi."

"Kiangazi," alisema, kama mtu anayejaribu neno la lugha nyingine. Kisha akapandisha sauti, mara ya kwanza kumsikia. "Mama yangu amenyimwa shikamoo na watoto wadogo! Kwa sababu ya mpira! Nyie ni watu gani?"

Mpaka leo nikimkumbuka mama wa watu akiosha mlango peke yake natamani kumpiga mtu makofi, na sijui nianze na nani.

Asubuhi iliyofuata Thadei alipita na mzigo wake, akielekea njia ya Dongobesh. Ludovika alikuwa shambani, maana sasa lilikuwa shamba, anatawanya mbegu kwa fujo bila kuangalia mstari. Sisi wachache tulikuwa tumesimama pale, hatujui tumefuata nini. Thadei alisimama njiani.

"Shikamoo, mama."

Ludovika hakuitikia. Aliendelea kutupa mbegu. Thadei akasubiri, mzigo begani, kwa heshima, kama anavyosubiri mtu aliyelelewa. Alisubiri muda mrefu kuliko nilivyoweza kuvumilia kutazama. Halafu akaanza kushuka.

Ndipo yule mama alipotugeukia sisi.

"Nyie wote mlikuwa hapa! Wanaume wazima! Patriki, wewe na chama chako! Hilary, wewe uliyecheza naye! Nimeshika plau mbele ya macho yenu, na hakuna hata mmoja aliyenishika mkono? Hata mmoja?"

Mzee Patriki alifungua mdomo, akatupiwa ungo wa mbegu kifuani. Ludovika aliruka matuta, akakimbia mpaka ukingoni ambako njia inaonekana ikizunguka kuteremka. Thadei alikuwa amefika mbali, kichwa tu kinaonekana juu ya vichaka.

"Marahaba!" alipiga kelele. "Marahaba, Thadei! Marahaba, mjinga wewe, unasikia? Marahaba!"

Aliita mpaka akakohoa. Kama Thadei alisikia, hakugeuka. Mvua ilianza kunyesha kidogo kidogo, na sisi tukainama kuokota mbegu za watu.