Mjumbe Niliyepewa Jina Lake

Siku yangu ya kwanza kazini, Louisville, mwaka 2013, nilivaa suti. Nilikuwa mwalimu wa historia mstaafu kutoka Kenya, nimekuja kusoma Marekani na mvi zangu, nikadhani kazi ya hifadhi ya nyaraka ni kazi ya suti. Njia nzima kutoka South End nilikaa wima ndani ya basi ili isikunjike. Mkuu wa Hifadhi, mama mmoja mrefu mwenye miwani ya kamba, alinikagua kuanzia viatu hadi tai, kisha akanirushia aproni ya kijivu.

"Vumbi la koloni halitoki kwenye suti," akasema.

Nyinyi vijana mnaotafuta kila kitu kwenye simu, ngoja niwaeleze kazi yenyewe. Makoloni mengi yalikuwa na bunge la ghorofa mbili. Chini walikaa wajumbe waliochaguliwa na walowezi. Juu walikaa walioteuliwa na Gavana, watu ambao hakuna aliyewapigia kura hata moja. Kwetu Kenya ghorofa ilikuwa moja tu, lakini viti vya kuteuliwa vilikuwemo, na mradi wetu uliwakusanya walioteuliwa wote. Kila mjumbe tulimwandikia kadi: jina, siku ya kiapo, aliyempendekeza, alimsemea nani, aliondokaje. Chini kabisa palikuwa na mstari wa "Tazama pia", unaompeleka msomaji kwenye kadi nyingine.

Mkuu alinipa sheria mbili. "Chanzo kimoja ni uvumi, Bwana Njagi. Viwili ndiyo habari." Ya pili: mwandishi hajiandiki kwenye kadi zake. Nilizishika zote mbili kama amri za Musa, na ile ya kwanza ndiyo iliyokuja kuniponza.

Mshtuko wangu wa kwanza ulikuwa wa kuchekesha. Nilimkuta mjumbe mmoja, mwenye kiwanda cha pombe, aliyekalia kiti cha juu miaka na miaka na kufungua mdomo mara moja tu, kuomba dirisha lifungwe. Alilipwa heshima zote, akazikwa kwa mizinga. Nilicheka hadi Mkuu akaja kuuliza kama naumwa.

Mradi ulipohamia Columbus kicheko kiliisha. Mhariri Mkuu wa huko, mzee mkavu asiyependa salamu ndefu, alinikabidhi makasha ya Afrika. Kwenye mstari wa "alimsemea nani", wamisionari walioteuliwa waliandikwa hivi: Waafrika.

"Na Mwafrika mwenyewe alikuwa wapi?" nikamuuliza.

"Hakuwemo. Alisemewa."

Nilikuwa nimefundisha jambo hilo darasani miaka thelathini. Lakini kulisema ubaoni ni kitu kimoja, na kuliandika kwa mkono wako, kadi baada ya kadi, ni kingine. Siku hiyo sikula chakula cha mchana.

Kituo cha mwisho kilikuwa Buffalo. Nilifurahi, maana mwanangu Mugo na mkewe Wanja walikuwa wanaishi Cheektowaga, na Wanja alikuwa anatarajia mtoto wa kwanza, wa kiume. Kwetu Embu mtoto wa kwanza wa kiume huitwa jina la babu mzaa baba, na Mugo alikwisha tangaza kwamba atampa majina yangu yote mawili, la nyumbani na la ubatizo. Nilipanga chumba Black Rock, nikawa nahesabu wiki.

Mkurugenzi wa Mradi akanipa kasha la nchi yangu. Ndani yake nikamkuta Kasisi Wilmot.

Mimi naitwa Wilmot Njagi. Njagi ni jina la babu yangu, ambaye yeye na watu wake walihamishwa kutoka mlima wao kuwapisha walowezi. Wilmot ni shukrani. Nyumbani tulilelewa kwa hadithi kwamba Kasisi huyo alisimama barazani akatutetea hadi akalia, na baba yangu akaona jina hilo ndilo la kumpa mwanawe. Kumbe! Kwenye taarifa rasmi ya kikao, Gavana anauliza kama wenyeji wamekubali kuhama. Kasisi anajibu: "Wameridhika, Mheshimiwa. Wazo lenyewe ni langu."

Nilisoma mara tatu. Nikaona aibu kama vile mtu amenivua nguo mbele za watu. Miaka yote ile niliitika jina hilo kwa majivuno.

Ningempigia Mugo simu siku ileile. Badala yake nikaagiza chanzo cha pili: daftari la karani aliyeandika kikao kwa mkono, lililohifadhiwa mji mwingine. Wangeniletea nakala baada ya wiki mbili. Jirani yangu, Mama Furaha, Mkongomani wa Kivu, alinikuta kibarazani nimejiinamia, nikamweleza yote. Akapiga makofi kwa mshangao.

"Donc, papa, unangoya karatasi ya pili? Mutoto haiko anangoya karatasi!"

Nikamwambia kazi yetu ina utaratibu wake. Akatikisa kichwa, akaenda zake.

Nakala ilifika ofisini Ijumaa. Maneno yaleyale, kwa mwandiko wa karani, hata nukta. Nilikuwa naitia mkobani Mugo alipopiga simu: mtoto amewahi, kazaliwa tangu jana. Nilipofika hospitali fomu ya cheti ilikuwa imekwisha tiwa saini. "Surprise, Dad! Wilmot Njagi, full name yako!" Akaniwekea mtoto mikononi. Nikampokea mjukuu, mkoba ukining'inia begani na karatasi zangu mbili ndani.

Nilimwambia wiki iliyofuata, ndani ya gari lake, huku injini ikinguruma. Aliizima, macho mekundu.

"Ulijua before azaliwe?"

"Nilikuwa na chanzo kimoja tu."

"Dad, mimi si kadi. Mimi ni mtoto wako." Akapangusa uso. "Jina sitabadilisha. Nilimpa lako, si la huyo mzungu. Lakini wewe ndio utamwambia mjukuu wako huyo mzungu alikuwa nani. Promise me."

Nimeahidi, na haya ninayoyaandika ni sehemu ya ahadi hiyo. Wiki mbili zile bado zinaniuma kuliko alichosema Kasisi. Kazi ni nzuri, wanangu, lakini sheria za kazi ziacheni kazini.

Siku yangu ya mwisho nilipeleka kadi ya Kasisi Wilmot kwa Mkurugenzi ili aigonge muhuri. Aliisoma taratibu hadi mstari wa chini.

"Tazama pia: Njagi," akasoma. "Huyu alikuwa mjumbe wa wapi? Simkumbuki."

"Hakuwa mjumbe, bwana. Ndiye aliyesemewa."

Alifungua mdomo kunikumbusha kwamba kadi ni za wajumbe tu. Kisha macho yake yakashuka kwenye beji iliyokuwa kifuani mwangu, akasoma majina yote mawili, akachukua muhuri.