Nyumba ya Kukhu Pale Uani

Sisi tuliokulia Kibomet miaka ya elfu mbili tulilala watoto wanne mkeka mmoja na tukaamka tukicheka. Mtoto wa siku hizi ana chumba chake na kufuli juu, na bado analalamika ati hana nafasi.

Kukhu, mama mzaa baba, aliletwa kwetu kutoka Lugulu magoti yalipomkataa. Kule hakuwa tena na wa kumtekea maji. Baba alikuwa amemwandalia chumba katika nyumba yetu mpya ya mawe, godoro likiwa bado ndani ya plastiki yake. Kukhu akala ugali na mrenda, akamsifu mama kwa mapishi, kisha akauliza, "Sasa mimi nitalala wapi?"

Baba akamwonyesha.

"Kwa nyumba ya kijana yangu? Apana, bana. Mzazi halali pale kijana yake na bibi yake wanalala. Si unajua? Kesho nirudishe."

Niliogopa sana, maana nilikuwa nimeshampenda. Baba hakubishana. Alimwomba jirani yetu Mama Zaituni, mjane aliyeuza mahamri karibu na msikiti, amlaze Kukhu kwake. Kulipokucha akabomoa banda letu la kuku.

Sisi watoto tulikanyaga udongo tukiimba, matope mpaka masikioni. Majirani wakakandika kuta na kupandisha mabati ya zamani, Kukhu akiwa kwenye kigoda anasimamia: "Hapo umeruka, rudia." Nyumba ilipokauka aliingia, akawasha moto kwenye mafiga, ndipo akacheka. Tuligombania kulala kwake. Bado nasikia harufu ya ule moshi na ya mahindi ya kuchoma, na lile blanketi lililowasha shingoni. Hakutaja tena kurudi Lugulu, na aliaga dunia akiwa pale pale uani.

Sasa mama ametutoka, baba yuko peke yake Kibomet, na magoti yake pia yamechoka. Mimi nimeolewa Bungoma mjini, ghorofa ya tatu. Juzi nilimleta, kitanda nimekitandika vizuri. Akala, akanawa mikono, akaniangalia kwa upole.

"Na mimi, mama, nitalala wapi? Hapa si ni kwa mkwe wangu?"

Nilichungulia dirishani. Chini kulikuwa na saruji na magari ya watu. Nimesoma, nina kazi, nina nyumba nzuri, lakini siku hiyo nilitamani tu uwanja mdogo, hata wa kutosha banda la kuku.

Jua halijazama, nilimrudisha Kibomet.