Tone la Kiwandani

Kazi ya baba yangu ni kurudishia rangi ya asili pampu za usukani za magari ya zamani. Ukitaka kumuudhi, mwambie pampu imetoka kama mpya.

"Mpya ya wapi?" atakuuliza. "Kiwandani waliichovya kwenye rangi, wakaitundika, wakaenda zao kula. Huo mng'ao ungetoka wapi?"

Ndiyo maana kila pampu huimalizia kwa tone moja la rangi linaloning'inia chini, kama lile la kiwandani. Hilo tone ndilo linalomtoa jasho. Pampu ya mwisho ilimhangaisha wiki nzima. Tone likitoka nene analifuta, likitoka jembamba analifuta. Hatimaye likakubali. Akaitundika pampu jikoni ikauke, akaenda kuoga.

Mama akaliona lile tone. Akamhurumia mumewe, akadhani mkono umeanza kutetemeka, akachukua kitambaa akalifuta.

Baba aliporudi na kukuta tone halipo, alikaa juu ya ndoo. Mama alipoelezwa kosa lake hakuomba radhi. Aliutazama mlango wa jikoni, ambao baba aliupaka mwaka jana, wenye michirizi ya rangi kutoka juu mpaka chini.

"Yaani pampu ya watu unaipaka wiki nzima ili ionekane imepakwa na mtu mwenye haraka," alisema, "halafu mlango wangu ukaupaka kwa haraka kweli."

Baba akaukagua mlango kwa jicho la kazi.

"Huo ndio wa asili," akasema.

Alikabidhiwa msasa hapo hapo.