Ukuta wa Baba Wapigwa Picha

Kazini walimwita Bibi Eksirei, ingawa hakuwahi kumpiga picha binadamu hata mmoja. Wagonjwa wake ni matofali, mawe na vipande vya zege. Huvilowesha, huviweka mbele ya mashine, kisha hutazama maji yanavyopenya kwenye vitundu visivyoonekana kwa macho. Ukimuuliza anafanya kazi gani, atakujibu bila aibu: "Napeleleza maji."

Mwaka huo maji yakamfuata nyumbani. Ukuta wa sebule ya baba yake, mwashi mstaafu aliyeujenga kwa mikono yake mwenyewe, ulianza kulowa na kubambuka. Kaka yake, ambaye mdomo wake hauna breki, alishakata shauri: nyumba ibomolewe. Baba hakubisha, na hilo ndilo lililomkata binti maini.

"Labda nilikosea mchanganyiko, mwanangu," mzee alisema. "Marehemu mama yenu alikuwa na hamu ya kuhamia, nami nikalipua kazi."

Binti akachimbua vipande viwili: kimoja sebuleni, kingine stoo, ambako hakukuwahi kupakwa rangi. Akavipiga picha vikiwa vikavu, akavilowesha, akavipiga tena na tena. Kompyuta huiondoa picha kavu ndani ya ile yenye maji, na kinachobaki ni maji matupu. Kipande cha stoo kilikunywa, kisha kikakauka taratibu kama nguo kambani. Cha sebuleni kilikunywa vilevile, lakini kukauka kikagoma. Maji yalikuwa yamebanana nyuma ya rangi ya mafuta, hayana pa kutokea.

Bibi Eksirei alishusha pumzi, akacheka peke yake mpaka mwenzake wa chumba cha pili akachungulia kulikoni.

Jioni akaziweka picha mezani. "Baba, tofali zako nzima, na saruji yako nzima. Ukuta umezibwa pumzi na ile rangi ya kung'aa."

Kaka akakohoa. Rangi ile ilikuwa zawadi yake kwa baba, na aliipaka mwenyewe kwa mbwembwe zote.

Mzee alizishika picha kwa muda, machozi yakimlengalenga. "Kumbe sikumharibia mama yenu nyumba," alisema.

Kisha akaenda stoo, akarudi na kisu cha kukwangulia rangi, akamkabidhi mwanawe wa kiume.

"Haya, bwana mbomoaji. Anzia hapa."