Hatifungani na Ng'ombe wa Mahari ya Dada

Nakumbuka asubuhi niliyoingia Bariadi na neno moja kichwani: hatifungani. Nilikuwa kijana wa kutangatanga, mwanangu. Shule niliiacha mapema, ila kuuliza sikuacha. Dereva wa lori la pamba kule Lingeka ndiye aliyenieleza: unaikopesha serikali, kila nusu mwaka inakulipa riba, na riba hiyo haikatwi kodi.

Nyumbani Sapiwi tulikuwa na ng'ombe wa mahari ya dada yangu Kabula. Kwa desturi yetu, hao ndio ningewatumia kuoa. Baba alikuwa ameshafariki, na zizi lilikuwa mikononi mwangu. Nikataka kuwauza wote.

"Hiyo karatasi utaikamua?" mama aliniuliza.

"Mayu, haihitaji hata malisho."

Akacheka, lakini akanifuata mpaka Bariadi kwa mshauri wa fedha, dada mmoja mwenye ofisi juu ya duka la pembejeo. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi.

"Kuhusu kodi umesema kweli," akasema. "Mimi mwenyewe ninazo. Ila riba yake haibadiliki. Sukari ikipanda bei, yenyewe iko palepale. Nchi nyingine zina hatifungani inayopanda pamoja na bei za vitu. Hapa kwetu bado."

"Kwa hiyo niache?"

"Sijasema hivyo. Niambie, kaka: dada yako akishindwana na mumewe, wakwe watadai nini?"

"Ng'ombe wao."

"Watapokea shilingi kwa bei ya leo?"

Nikamgeukia mama.

"Jibu basi, tajiri wa karatasi," mama akasema.

Mwanangu, nilitoka pale nimesisimka kuliko nilivyoingia. Nilitaka kumsimulia kila mpita njia: bei ya ng'ombe hupanda na bei za vitu, hatifungani hulipa hata mvua ikigoma. Nilihitaji vyote.

Tukauza maksai tu, tukanunua hatifungani. Majike tukabaki nao. Mwaka wa ukame riba ilinunua pumba na dawa, wakapona, wakazidi kuzaa. Miaka ikapita, bei ya ng'ombe mnadani ikawa haishikiki. Ndipo Kabula akarudi nyumbani, jicho limevimba. Wakwe wakaja kwa kujiamini, wakidhani hatutaweza kurudisha mahari, na Kabula atalazimika kuondoka nao.

Nikafungua zizi. "Chagueni wenu."

Wakaondoka na ng'ombe. Kabula akabaki.

Basi, mwanangu, ukiambiwa riba haikatwi kodi, furahi, kisha uliza: bei zikipanda, pesa hii itanunua nini? Na siku nikidaiwa, nitadaiwa shilingi au kitu? Usiweke mali yote mahali pamoja kwa sababu tu pamekufurahisha. Uliza, hata wakikucheka.

Mungu akupe maziwa zizini, akili isiyochoka kuuliza, na nyumba ambayo dada zako wanaweza kuirudia bila hofu.