Jogoo wa Shukrani wa Mama

Leo kanisa zima limempigia mamangu vigelegele, na hakuna aliyejua kwamba amefariki alfajiri.

Nilikwenda parokiani hapa Magongo kumwambia padri tu. Nikakuta Misa ya shukrani ishaanza, nikasimama nyuma, karibu na mlango.

Katekista akatangaza, "Tumshukuru Mungu kwa Mama Dama. Ametoka hospitali salama."

Jina lake tulilipeleka wenyewe wiki iliyopita, mama akicheka.

Makofi. Vigelegele. Kwaya ikaanza kuimba.

Mama Zawadi, mwenyekiti wa jumuiya yetu, akaniona. Akanijia akicheza, akanishika mkono.

"Njoo mbele, mwanangu. Mama yuwapi? Na jogoo wake je?"

Jogoo huyo mama alimfuga kwa ajili ya sadaka ya siku ya leo. Kila alfajiri akiwika, mama humjibu akiwa kitandani, "Nishaamka, baba."

Leo aliwika, akawika tena. Kimya. Ndipo nikaenda kumtazama mama.

Basi pale kanisani nilitikisa kichwa tu. Mama Zawadi akaacha kucheza, akanikumbatia, na watu bado wanapiga vigelegele.

Sasa niko nyumbani, watu wanazidi kuja. Shangazi ameshika kisu, ataka jogoo achinjwe wageni wapate kitoweo. Nimekataa, na amenuna. Huyu si wa matanga, mama alishamtoa kwa Mungu.

Jamani, nakosea?

Kesho alfajiri atawika tena, na sijui nani atamjibu.